Njia ya Baiskeli si Maegesho

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini mwako nifikishe lalamiko ambalo, katika miaka yote niliyokwenda kazini kwa baiskeli kutoka Manzese hadi Kariakoo, nimelimeza pamoja na vumbi la barabara. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza safari zake mwaka 2016 katika Barabara ya Morogoro, sisi tusio na gari tulifarijika kuona kuwa pembezoni tumetengewa njia yetu, nasi tukadhani kwamba zama za kubanwa baina ya lori na mtaro zimekwisha.

Kumbe! Aghalabu asubuhi hukuta gari limeegeshwa juu ya njia ile kana kwamba ni urithi wa baba wa mwenye gari, naye mwenyewe yuko ng'ambo ya barabara akinunua chapati. Mbele kidogo bajaji zangoja abiria, na bodaboda waja wakinikabili, tena wakinipigia honi mimi niwapishe. Juzi, karibu na Magomeni, nilipomwomba dereva mmoja kwa staha asogee, alinijibu kuwa baiskeli haina bima wala leseni, basi ina haki gani? Hoja hiyo nimeitafakari sana, wala sijaiona mantiki yake, kwani mwenda kwa miguu naye hana leseni. Nikalazimika kuingia barabarani, lori likanipita kwa upana wa kiganja.

Vyuma vifupi vikisimikwa penye vichochoro vinavyoingilia njia hiyo vyaweza kupunguza dhuluma hii. Hata mawe mazito yangefaa.

Mimi msomaji wako,
Mpanda Baiskeli,
Manzese, Dar es Salaam