Nani Hana Mwamko?

Wiki tatu zilizopita, kwenye semina yetu ya shahada ya uzamili, mwenzetu mmoja alisimama mbele ya projekta akasema tatizo la maendeleo Rufiji ni kwamba wananchi hawana mwamko. Darasa likatikisa vichwa kukubali. Mwalimu akaliandika neno hilo ubaoni. Na mimi, mkazi wa Mbagala, mjukuu wa Mrufiji, nikanyamaza. Leo nalipa deni la ukimya ule.

Bibi yangu anakaa kwa mjomba, mitaa ya nyuma ya Rangi Tatu. Amezaliwa bondeni, kando ya mto. Kwao walilima mpunga wa msimu wa mafuriko, kisha maji yakishuka walipanda mahindi na kunde kwenye tope bichi. Kilimo hicho wanakiita mlau. Shambani walijenga dungu, kibanda juu ya nguzo, mto upite chini na wao wabaki juu wakiwalinda mimea dhidi ya nguruwe mwitu. Ukimuuliza Bibi kuhusu mafuriko, hakujibu mpaka umtajie mwaka, maana kwake yapo mafuriko ya neema na yapo ya balaa, na mkulima asiyejua kuyatofautisha hakai bondeni miaka miwili.

Mafuriko ya mwishoni mwa miaka ya 60 yalikuwa ya balaa. Serikali ikaanzisha Operesheni Rufiji, watu wakahamishwa bondeni kwenda vijiji vya ujamaa kwenye miinuko. Nia ilieleweka: wawe mbali na maji, wawe karibu na shule na zahanati. Lakini mashamba hayakuhama. Yalibaki kule kwenye rutuba, na mwenye shamba akawa analala mbali nalo. Bibi anasema, "Sisi tukapata shule, nguruwe wakapata mpunga." Hapo tuulizane: nani alikosa mwamko? Mkulima aliyelala shambani kwa sababu alijua mnyama anakuja saa ngapi, au mpangaji ambaye hakumuuliza?

Mwaka 1975 ikaundwa RUBADA, Mamlaka ya Uendelezaji wa Bonde la Rufiji. Soma majukumu yake: kuzalisha umeme wa maji, kudhibiti mafuriko, kuendeleza kilimo, uvuvi, misitu, viwanda, utalii na usafiri. Eneo lake lilikuwa takriban kilomita za mraba 177,000, karibu moja ya tano ya Tanzania Bara, kuanzia Ruaha Mkuu na Kilombero hadi baharini. Ni kazi ya nchi nzima kwa shirika moja. Miaka ya 70 na 80 tafiti za bwawa la Stiegler's Gorge zilirundikana, nyingi kwa fedha za Norway. Mwaka 1993 Kjell Havnevik, mtafiti wa huko huko Norway, akatoa kitabu kizima kuhusu ukomo wa maendeleo yanayoshushwa kutoka juu, na Rufiji ndiyo mfano wake. Kwa hiyo hata maktaba zetu zilishaamka. Darasa letu ndilo lililolala.

Mkataba wa kujenga bwawa uliposainiwa Desemba 2018, mradi ulikuwa wa TANESCO na RUBADA ilikwishafutwa. Miaka 40 na ushee, kisha kimya. Utaambiwa ilikufa kwa kukosa fedha, na sitabisha, fedha zilikuwa tatizo la kweli. Lakini fedha hazielezi kila kitu. Shirika lenye mizizi kwa wananchi likifutwa, wananchi hupiga kelele. Nilipomuuliza Bibi anaikumbuka vipi RUBADA, aliniuliza kama ni dawa ya mbu.

Sipingi bwawa. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na mimi ninayeandika haya niliwahi kusomea mtihani kwa tochi ya simu wakati wa mgao. Ninachouliza ni nani anawajibika kwa nani. Aprili 2024 mafuriko yaliharibu makazi na mashamba Rufiji na Kibiti. Wananchi wengi walilinyooshea bwawa kidole. Serikali ikasema ni mvua, na kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Sitaamua ugomvi huo kwenye ukurasa huu. Ila mkulima wa mlau anayetaka kujua mwezi ujao maji yatakuwa kiasi gani, ili aamue apande au asubiri, anastahili meza ya kwenda kuuliza, tena iliyo karibu na kwake. Ipo Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, makao yake Iringa. Kutoka Utete hadi Iringa, nauli peke yake ni mavuno.

Wasomi wengine watasema dawa ni kuacha kabisa mashirika ya aina hii, soko lijiendeshe. Njooni Mbagala muone soko likijiendesha. Muone vijana wa bondeni wakisukuma mikokoteni ya maji, na mama aliyejua misimu ya mto mzima akikaanga mihogo kando ya Barabara ya Kilwa, akiambiwa aunde kikundi apate mkopo. Hao ni wakulima waliokosa wa kuwasikiliza.

Mimi nataka bonde liwe na shirika lake tena, kwa masharti matatu. Ofisi yake iwe Ikwiriri au Utete, siyo katikati ya Dar es Salaam. Nusu ya bodi wachaguliwe na mikutano mikuu ya vijiji, na vijiji hivyo hivyo viweze kuwaondoa. Na ratiba ya maji itangazwe kabla ya kupanda, kwa redio na kwa vipaza sauti vya misikiti, kwa Kiswahili kisichohitaji mkalimani.

Sharti la nne ni letu sisi wanafunzi. Tunakwenda vijijini na madodoso, tunakula ubwabwa wa watu, tunarudi na shahada, na tasnifu zinabaki kwenye rafu kwa Kiingereza. Rasimu yangu nayo ilikuwa njia hiyo hiyo. Nimeandika muhtasari wa kurasa 12 kwa Kiswahili, na Jumamosi napanda basi Rangi Tatu kuupeleka kijijini usomwe mkutanoni. Bibi ameshausikiliza wote. Ameniambia ukurasa wa saba nimekosea majina ya miezi ya mlau, na amenirekebisha.