Tani na Watu

Msomaji, wako wasemao kwamba mchezo wa nyambizi wa kompyuta, kama Silent Hunter III wa mwaka 2005, huwa kweli tupu mchezaji alengapo kwa mkono wake. Hupima umbali, mwendo na pembe. Huanza na meli ya mbali, ili torpedo zote zilipuke pamoja kabla msafara haujatawanyika. Hesabu hiyo yataka akili, siibezi. Lakini sifa hutolewa kwa tani! Tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Kijapani I-27 iliizamisha Khedive Ismail, meli ya msafara uliotoka Mombasa kwenda Colombo. Walikufa watu zaidi ya 1,200, wakiwamo wauguzi na mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Kwa kipimo cha mchezo, hizo ni tani 7,500 tu. Kweli gani hiyo isiyo na abiria?