Kosa la Themostati ni Lipi?

Rafiki zangu wamenishauri mara kadhaa niliache jambo hili, kwa kuwa mafundi wenzangu wa Geita watasema nimezeeka na sasa nawachongea kwa wateja. Nimewasikia. Lakini nimeishi gereji tangu nikiwa kijana wa kushika tochi, na kila nikiyakumbuka magari niliyoyaona yakifa kifo cha kijinga kwa mikono yetu wenyewe, naona kunyamaza ni kushiriki. Kwa hiyo nasema waziwazi: desturi ya kung'oa themostati katika kila gari linaloingia gereji, kujaza rejeta maji ya kisima na kuunga feni moja kwa moja ili isizime kamwe, si ufundi. Ni uharibifu unaolipiwa. Na kufanya hivyo katika injini ya turbo ambayo kijana ameiongezea nguvu ni sawa na kumvua mtu viatu na kumwambia akimbie juu ya makaa.

Ndugu msomaji usiye fundi, nivumilie kidogo. Themostati ni kidude kinachoenea kiganjani, chenye nta ndani ya kikombe cha shaba. Injini ikiwa baridi kinafunga njia ya maji kwenda kwenye rejeta. Maji yakifika nyuzi 82 hivi, nta inayeyuka, inatanuka na kukisukuma, njia inafunguka. Hakina waya wala umeme. Kazi yake si kuzuia maji, kama tunavyowaambia wateja, bali ni kuiweka injini katika joto lile ambalo aliyeiunda alilikusudia, asubuhi na mchana, mlimani na tambarare.

Fundi wetu hukitoa na kusema, "Hiki ni cha nchi za baridi, huku kwetu joto." Maneno haya nimeyasema mimi mwenyewe kwa zaidi ya miaka ishirini, tena kwa sauti ya mtu anayejua. Lakini hebu tupime. Tokyo mwezi Agosti ni joto kuliko Geita, na Wajapani hawaing'oi. Tena petroli inapowaka ndani ya silinda, moto wake hupita nyuzi 2,000. Mbele ya moto huo, hewa ya Geita na hewa ya Ulaya ni kitu kimoja.

Kama kuna jambo la pekee katika mji wetu ni mwinuko. Tuko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa hiyo maji matupu huku huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Anayejua kupika maharage analijua hilo bila kusoma fizikia. Kinachoyazuia maji ya gari yasichemke mapema ni mfuniko wa rejeta, ambao hushikilia shinikizo na kupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi ishirini au zaidi. Sasa nenda gereji yoyote kati ya hapa na Katoro ukaangalie mifuniko. Utakuta mpira umekatika, springi imelegea, na pengine mfuniko wenyewe umefungwa kwa kipande cha tairi. Mfuniko mpya ni bei ya soda chache. Tunauacha, tunakwenda kuitoa themostati ambayo haikukosa lolote.

Nimejiuliza sana desturi hii ilitoka wapi, na nadhani ninalo jibu, ingawa wenzangu watakasirika. Ilitoka kwenye makarasha. Wengi wetu katika ukanda huu wa dhahabu, Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, hatukujifunza ufundi darasani. Tulijifunza kwa kuhudumia injini za dizeli za Kichina zinazozungusha karasha la kusagia mawe. Injini ile ina silinda moja, na juu yake kuna tangi la maji lililo wazi. Maji yanachemka mchana kutwa, mvuke unapaa, mtoto anakuja na ndoo anaongeza. Haina themostati, rejeta wala pampu ya maji. Na inafanya kazi! Inafanya kazi kwa sababu maji yanayochemka wazi hayawezi kupita nyuzi 96 zile nilizozitaja. Kuchemka ndiko kupoza kwenyewe. Ni chuma kizito, inazunguka taratibu, na silinda yake yenye ujazo wa karibu lita moja hutoa nguvu za farasi 12 tu au zaidi kidogo.

Tukatoka hapo na akili ya ndoo, tukaifungua Subaru. Impreza ya lita 2 yenye turbo, ile ya daraja la juu, ilitoka kiwandani ikitajwa kuwa na nguvu za farasi 280. Yaani kila lita moja inatoa 140, mahali ambapo karasha linatoa 15. Hedi na bloku zote ni za aluminiamu, ambayo joto likizidi hupinda. Na karibu theluthi moja ya nguvu iliyo ndani ya petroli huishia kwenye maji ya injini kama joto. Ukiongeza nguvu ya gari umeongeza na joto. Hakuna fundi aliyewahi kuvitenganisha viwili hivi. Kijana anayepandisha shinikizo la turbo bila kugusa rejeta, feni wala intakula ameongeza kuni jikoni na kuacha sufuria ileile.

Hapa kuna jambo ambalo wengi wetu hatukuambiwa. Katika injini nyingi za Toyota na Subaru, themostati ina sahani mbili, si moja. Sahani ya kwanza inafungua njia ya rejeta. Ya pili, iliyo upande wa nyuma, inaziba njia ya mkato ambayo maji huipita wakati injini ni baridi, yakizunguka humohumo bila kwenda kwenye rejeta. Ukiitoa themostati, ile njia ya mkato inabaki wazi daima. Maji ya moto yanarudi injini yakiwa ya moto. Katika safari nyepesi ya mjini hutaona kitu, tena geji itasoma baridi na mteja atakusifu. Panda mlima na mzigo, au kanyaga mafuta hadi mwisho kwenye lami ya kwenda Chato, ndipo gari litachemka. Yaani tumekitoa kidude ili gari lisichemke, na kwa kukitoa ndiyo tumelichemsha. Na likichemka tunasema, "Unaona? Hata bila themostati limechemka, basi ni gasketi."

Wakati lisipochemka pia lina hasara. Kompyuta ya gari ikipewa habari kwamba maji ni baridi, inaongeza petroli kama asubuhi ya baridi. Petroli iliyozidi inaosha oili kwenye kuta za silinda, ringi zinakwisha, oili yenyewe haipati joto la kukausha unyevu na inageuka uji. Wenye michomoko ya Probox wanalalamika kila siku kwamba gari linakula mafuta. Wanamlaumu mwenye kituo cha petroli.

Sitaki kudanganya kwamba hoja za upande wa pili hazipo. Nimesikia kijana mmoja aliyesoma akisema kwamba maji matupu hubeba joto vizuri kuliko maji yaliyochanganywa na kulanti, na kwamba magari ya mashindano ya uwanjani hutumia maji. Ni kweli yote mawili. Viwanja vingi hukataa kulanti ya kawaida kwa sababu ikimwagika barabara inateleza. Lakini wale hutumia maji safi yaliyotiwa dawa ya kuzuia kutu, na injini yao hufunguliwa na kukaguliwa baada ya mashindano. Sisi tunatia maji ya kisima yenye chumvi ya mawe, na injini hatuifungui mpaka ife. Tazama birika la nyumbani kwako lilivyo na ukoko mweupe chini. Ukoko huohuo uko ndani ya rejeta yako.

Tena wapo wanaoitetea themostati kwa hoja mbovu, kwamba bila hiyo maji hupita haraka mno kwenye rejeta yasipate muda wa kupoa. Si hivyo. Maji yaendayo kasi hayapoi kidogo kwa sababu ya kasi. Tusiitetee kweli kwa uongo.

Vijana hupenda kunitajia Safari Rally. Vizuri, tuitaje. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Subaru Impreza ilishinda mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae. Vijana wanakumbuka ile rangi ya buluu na sauti ya ekzosi, basi wananunua ekzosi. Wengine wananunua hata pua ya boneti ya bandia isiyo na tundu, ilhali kwenye Subaru tundu lile ndilo linaloingiza upepo kwenye intakula. Safari ilishindwa na gari lililofika, na gari lilifika kwa sababu kuna watu waliokesha wakifikiria vumbi, matope na joto.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Mwaka 2016, gereji kwangu Nyankumbu, kijana mmoja mfanyabiashara wa dhahabu aliniletea Subaru yake. Alikuwa ameongezewa shinikizo la turbo mahali pengine na gari lilikuwa linachemka. Aliniamkia kwa heshima, "Shikamoo mzee," kisha akasema, "Ondoa huo uchafu wa themostati, nataka kuondoka." Nikaondoa. Hata mfuniko sikuutazama. Jioni akarudi geji iko juu, na mimi nilikuwa nanawa mikono. Mwanafunzi wangu, mtoto wa miaka kumi na saba niliyekabidhiwa na mama yake, akakimbilia kufungua rejeta kwa kitambaa, kama alivyoniona mimi nikifungua mara mia.

Leo ana jicho moja. Mama yake hakunipeleka popote. Alikuja gereji, akakaa kwenye tairi, akaniuliza, "Baba, hicho kilichomrukia kilikuwa kinafanya nini humo ndani?" Nikashindwa kumjibu, kwa sababu baada ya miaka yote ile ya kazi nilikuwa sijui. Ndipo nilipoanza kutafuta vitabu na kuuliza.

Siku hizi nina sufuria na kipimajoto juu ya jiko la mkaa. Mteja akisema themostati ni mbovu, tunaichemsha mbele yake. Ikifunguka inarudi kwenye gari. Isipofunguka anakwenda kununua mpya. Wiki iliyopita alikuja mwenye Forester ya turbo, akaona sufuria, akacheka, akasema hana muda wa mapishi. Nikamwambia sitaitoa. Alivuka barabara kwa jirani yangu, na kabla maji yangu hayajapata moto alikuwa ameshaondoka kuelekea Katoro, themostati yake imetupwa kwenye mtaro. Nilimtuma kijana akaiokote. Tuliipima: ilifunguka kwenye nyuzi 78, kama ilivyoandikwa juu yake.