Keki ya ghorofa kwa makopo mawili ya maziwa

Mtoto akishaona keki ya ghorofa kwenye sherehe ya jirani, maswali huanza usiku huohuo. "Mama, na mimi siku yangu nitawekewa ya ghorofa?" Mama anajibu, "Tutaona, mwanangu," na mtoto anayeijua nyumba yao anajua jibu hilo lina maana gani.

Chukua mfano wa mama wa mtaa wa Sogea, Tunduma, mwenye meza ya mitumba na watoto watatu. Binti yake wa mwisho anatimiza miaka saba Jumamosi. Keki ya ghorofa tatu ya kuagiza itakula mtaji wa meza. Ipo njia ya kukopa kwenye kikoba, na wazazi wengi hupita hapo, halafu marejesho yanaendelea wakati mtoto mwenyewe keshasahau hata ladha ya ile keki. Kukopa kwa ajili ya ada kunaeleweka. Kukopa kwa ajili ya krimu ni kujitafutia presha.

Keki ndogo za vikombe zinamtoa hapo. Unga, sukari, mayai na Blue Band vinapatikana duka la jirani, na asiye na oveni anaoka kwa jiko la mkaa, moto chini na moto juu ya mfuniko, kama ilivyozoeleka. Shida inakuja kwenye meza. Keki 36 zikipangwa kwenye sinia zinafanana na maandazi yanayosubiri wateja. Mtoto aliomba ghorofa, na ghorofa hapa inatengenezwa kwa stendi. Stendi hiyo mzazi anaweza kuijenga nyumbani kwa jioni mbili, kwa maboksi na makopo mawili ya maziwa ya unga.

Maboksi Tunduma si ya kutafuta kwa tochi. Mji uko mpakani, malori ya barabara ya Tanzam yanapanga foleni kuvuka kwenda Nakonde, na maduka yanafungua mizigo kutwa. Lakini siyo kila boksi linafaa kukaa karibu na chakula. Mbozi na Momba ni nchi ya kahawa na mahindi, kwa hiyo nyumba nyingi zina maboksi yaliyobeba dawa za kuulia wadudu au magugu. Hayo yasiguswe, hata yakiwa mapya na magumu kiasi gani. La sabuni nalo liachwe, maana harufu yake huhamia kwenye keki. Boksi la biskuti, tambi au mafuta ya kula linafaa, mradi liwe kavu, halijalowa mafuta na halijakunjwa katikati.

Makopo yawe mawili yanayolingana. Kopo la maziwa la gramu 400 lina upana wa takriban sentimita 10, lakini kila mtu apime la kwake. Urefu usipungue sentimita 11. Keki yenye krimu hufika sentimita saba au nane, na mkono unaoitoa unahitaji nafasi. Kopo likiwa fupi, kila anayechukua keki ataondoka na krimu ya keki nyingine kwenye vidole.

Sasa vipimo, na hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kukata kwa macho. Maduara ni matatu: la chini lenye upana wa sentimita 40, la kati 30, la juu 20. Asiye na bikari anafunga uzi kwenye penseli, anashikilia ncha ya pili katikati ya kadibodi na kuzungusha. Uzi uwe sentimita 20 kwa duara la chini, 15 kwa la kati na 10 kwa la juu.

Vipimo hivyo vimetokana na keki zenyewe. Keki ya kikombe ina upana wa kama sentimita saba juu. Ukingo wa duara la chini unabeba keki 14, la kati 10, la juu tano. Hizo ni 29. Duara la chini lina nafasi ya pete ya ndani, kuzunguka kopo, ambako keki saba zinakaa bila kuonekana sana. Jumla inakuwa 36, yaani mikupuo mitatu ya kikaangio cha matundu 12. Zile saba za ndani ni akiba, na kwenye mji wa mpakani akiba ina kazi. Shangazi wa Nakonde aliyesema anakuja peke yake huja na watoto wanne.

Kila duara likatwe mara tatu na kubandikwa tabaka juu ya tabaka. Ukitazama ukingo wa kadibodi utaona mawimbi ya ndani yanayokwenda upande mmoja. Kadibodi hukunjika kirahisi kwa kufuata mawimbi hayo. Kwa hiyo tabaka la pili ligeuzwe, mawimbi yake yakatize yale ya kwanza, na la tatu ligeuzwe tena. Anayebandika yote upande mmoja atapata duara zito linalolegea katikati kama godoro la zamani. Gundi nyeupe ya mbao inatosha. Ipakwe nyembamba, duara likandamizwe na vitabu vizito au ndoo ya maji, na likae usiku kucha. Msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, gundi hukawia kukauka na kadibodi hunywa unyevu, hivyo kazi ianze siku mbili kabla na ifanyike mbali na mvuke wa sufuria.

Makopo yasibandikwe. Gundi nyeupe haishiki vizuri kwenye bati, na stendi iliyobandikwa moja kwa moja haibebeki kwenye bajaji. Mzazi akate utepe wa kadibodi wenye upana wa sentimita mbili na urefu wa kama 35, auzungushe kwenye kopo, aunganishe ncha, kisha akibandike kikuku hicho katikati ya duara. Duara la chini linapata kikuku upande wa juu, la kati pande zote mbili, la juu upande wa chini. Kopo linatumbukia ndani ya kikuku na kutulia. Anayefanyia sherehe kwa bibi, Vwawa, anabeba maduara chini ya kwapa na makopo kwenye kikapu, anaunga akifika.

Kopo la chini lijazwe kitu kizito ili stendi isiyumbe mtoto akigusa meza. Wengi hutia mchanga. Mchele uliofungwa kwenye mfuko safi ni bora zaidi, maana sherehe ikiisha unarudi jikoni. Kopo la juu libaki tupu.

Kuvalisha ni kazi ya watoto, na waachiwe. Maduara yafunikwe kwa foili au karatasi nyeupe ya kuokea, makopo yazungushiwe kitambaa au karatasi ya zawadi, na utepe ufiche kingo. Karatasi yenye vumbi la kumetameta ibaki kwenye makopo tu. Gazeti, hata hili, lisiguse chakula. Wino wake si viungo.

Kabla ya keki hata moja kupanda, stendi ipimwe. Keki yenye krimu ina uzito wa kama gramu 80. Kopo la chini linashikilia keki 15, za kati na za juu, ambazo ni kilo moja na robo hivi. Mama wa Sogea aweke pakiti mbili za sukari za kilo moja kwenye duara la kati, Alhamisi usiku, aende kulala. Asubuhi akikuta duara limeinama, bado ana siku nzima ya kuongeza tabaka. Likiinama Jumamosi saa tisa alasiri, wageni wamekaa na binti kavaa gauni, hakuna wa kumlaumu na hakuna wa kulirekebisha.

Upangaji uanze chini. Keki ya kwanza ikiwekwa kushoto, ya pili iende kulia inayotazamana nayo, hadi duara lijae, ndipo la kati lipande. Kutoa nako kuwe hivyohivyo, kuanzia juu, na anayetoa awe mtu mzima mmoja. Watoto 20 wakiachiwa stendi, wote watachukua upande uliowaelekea, na upande wa pili utaanguka.

Krimu inategemea mahali. Mbozi na Ileje kuna baridi, hasa Juni na Julai, na krimu ya Blue Band na sukari ya unga inasimama saa nyingi bila kulalamika. Mzazi wa Kamsamba au Mkwajuni, kule bondeni kwenye joto, asijidanganye kwa picha za simuni. Keki zake zipande kwenye stendi wageni wakiwa wamekaa, au zipakwe jemu na kunyunyiziwa sukari ya unga tu. Kwa Tunduma adui ni vumbi la barabara na nzi. Neti ya kufunikia chakula ikae juu hadi wakati wa picha.

Na mishumaa. Hapa hakuna mjadala: mshumaa usiwashwe juu ya stendi ya maboksi, na ile mishumaa ya kurusha cheche isisogezwe karibu kabisa. Kadibodi, karatasi na utepe ni kuni kavu, na kichwa cha mtoto anayepuliza kiko karibu, nywele zimesukwa kwa rasta. Keki moja ya akiba itolewe, iwekwe kwenye sahani ya bati mbele ya stendi, mshumaa uwashwe hapo. Juu ya stendi, katikati ya zile keki tano, panatosha namba 7 iliyokatwa kwa kadibodi na kuvalishwa foili.

Je, inaokoa fedha kweli? Inategemea. Mwenye maboksi ya bure, makopo yake na utepe uliobaki kwenye sherehe nyingine atatumia fedha ya gundi na foili tu. Anayekwenda kununua kila kitu kipya, pamoja na kadibodi za stesheni na bunduki ya gundi, aulize kwanza bei ya kukodi stendi kwa mpambaji wa mtaani, huenda ikawa nafuu. Na mwenye sahani tatu za ukubwa tofauti na glasi mbili nene anaweza kuzipandanisha bila gundi yoyote, mradi watoto wakae mbali, maana sahani ikianguka haivunjiki peke yake.

Kuna jambo jingine ambalo keki hizi hulibadilisha. Kwenye keki kubwa, babu hupata kipande cha kijiti, kidogo kama kete ya bao, na watoto wa mstari wa nyuma hupata makombo. Hapa binti anachukua keki nzima, anampelekea bibi kwa mikono miwili, "Bibi, shikamoo, karibu keki," na bibi anaila yote au anaifunga kwenye leso aende nayo. Kulishana kunaweza kufanyika vilevile kwa kijiko. MC wa familia, yaani mjomba mwenye sauti, hatapungukiwa na maneno.

Jioni wageni wakishatoka, maduara yafutwe kwa kitambaa kikavu, yasioshwe, yafungwe kwenye mfuko na kulazwa juu ya kabati. Kaka mtu ana kipaimara mwakani, na foili mpya itatosha kuyarudisha mezani. Mchele wa kwenye kopo unapikwa Jumapili.