Sambusa Nayo ni Ufundi

Mwandishi mmoja aliyedai kwamba kuandaa pelmeni za Kirusi nyumbani ni sanaa, ilhali sambusa ni kitafunwa cha stendi tu, amekosea. Pelmeni, yaani vifuko vidogo vya unga, hujazwa nyama mbichi, kisha huchemshwa. Sambusa inadai hatua zaidi: nyama hupikwa kwanza mpaka ikauke, la sivyo manda hulowa na kupasuka kwenye mafuta. Manda zenyewe hupakwa mafuta, hunyunyiziwa unga, hupandanishwa na kusukumwa, huchomwa kidogo, kisha hubanduliwa moja moja zingali moto. Mama anayekunja pembe tatu alfajiri Kilosa, au anayeuza Mikumi kando ya barabara ya Iringa, ana sanaa mkononi. Ufundi haupimwi kwa umbali wa ulikotoka. Tumheshimu mama huyo.