Yaya aliyeona kilichowapita wengine

KWA takriban miaka 40, Vivian Maier alilea watoto wa watu nchini Marekani, sehemu kubwa ya muda huo akiwa Chicago. Waliomwajiri walimjua kama yaya msiri, ambaye kamera haikukosekana shingoni. Alichokuwa akipiga hawakukijua.

Alipowapeleka watoto matembezini, aliwapitisha hata mitaa ambayo wazazi wao hawakuizoea. Humo alipiga picha za mambo ya kila siku: mtoto mwenye machozi, mzee aliyesinzia, mama aliyekumbatia pochi yake, hata kivuli chake mwenyewe ardhini.

Kamera yake, Rolleiflex, hushikwa usawa wa kifua na mpigaji hutazama chini. Wengi hawakugundua kuwa wanapigwa picha, na sura zao zikabaki vile zilivyo.

Mwaka 2007 mizigo yake iliyokuwa kwenye stoo ya kukodi ilipigwa mnada kwa sababu ya deni la kodi. Ndipo picha zikaanza kuibuka. Zinakadiriwa kuzidi 100,000, na mikanda mingi ilikuwa haijawahi kusafishwa. Maana yake, picha nyingi yeye mwenyewe hakuziona.

Alifariki Aprili 2009 akiwa na miaka 83, kabla dunia haijamjua. Hakuwa malaika, baadhi ya aliowalea walisema baadaye kuwa alikuwa mkali. Lakini ndugu watatu aliowalea utotoni ndio waliomlipia nyumba uzeeni.

Familia ina mawili ya kujifunza hapa. La kwanza ni mwendo. Mtoto akisimama kutazama siafu, mzazi mwenye haraka humvuta mkono. Jumamosi hii jaribu kumfuata yeye. Acha simu mfukoni, tembeeni nusu saa, kisha kila mmoja aseme kitu kimoja alichokiona. Miguu itapata mazoezi na mtoto atapata mtu wa kumsikiliza.

La pili linamhusu dada anayekusaidia kulea. Unajua anaamka saa ngapi na anapika nini. Je, unajua anapenda nini? Labda anashona, anaimba au anachora. Muulize leo jioni, na umpangie saa chache za wiki zilizo zake kabisa. Waajiri wa Vivian waliishi naye nyumba moja, lakini picha zake walikuja kuziona pamoja na watu baki.