UCHANGANUZI: Kisumu yajua bei ya wanasoka wa Uingereza, lakini si ya wana wake

KILA Jumamosi asubuhi msimu wa soka ya Uingereza unapokuwa umeshika kasi, mijadala mikali huzuka katika mitaa ya Kondele, Nyalenda na Manyatta mjini Kisumu. Si siasa inayozungumziwa, ingawa mji huo una sifa ya kuipenda siasa. Vijana huinamia simu zao wakipima ni mshambuliaji yupi apewe unahodha, beki yupi auzwe na kiungo yupi anunuliwe kabla ya muda kuyoyoma, dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza kuanza.

Huo ndio mchezo wa ligi ya kubuni ujulikanao kama Fantasy Premier League, ulioanzishwa mwaka 2002. Kila mshiriki hupewa pauni milioni 100 zisizo halisi ili anunue wachezaji 15, wasiozidi watatu kutoka klabu moja. Beki akifunga bao huvuna pointi sita, kiungo tano na mshambuliaji nne. Pointi za nahodha hurudufishwa. Kujisajili ni bure, japo aghalabu marafiki huchanga fedha za kumtuza atakayeibuka kidedea mwishoni mwa msimu.

Asili ya mchezo wenyewe haikuwa katika kandanda. Mwaka 1980 mwandishi Daniel Okrent na wenzake wa New York, Marekani, walianzisha ligi ya aina hiyo kwa kutumia takwimu za wachezaji wa besiboli. Waliipa jina la mkahawa wa Kifaransa walikokuwa wakikutania. Wazo lao lilikuwa rahisi: iwapo kila pigo na kila kosa la mchezaji linaandikwa, basi shabiki wa kawaida anaweza kujifanya mwenye timu na kushindana na wenzake kwa akili, si kwa mali.

Wazo hilo ndilo linalozua swali zito katika ufuo wa Ziwa Viktoria. Shabiki wa Kisumu anaweza kutaja bei ya winga wa klabu ya Uingereza hadi desimali ya mwisho. Mwulize kuhusu kinda aliyefunga mabao matatu katika uwanja wa shule ulio hatua chache kutoka kwake, naye atakupa sifa tele, lakini hatakuambia ana miaka mingapi, amesajiliwa na klabu gani wala kandarasi yake itakwisha lini. Mara nyingi hata klabu yenyewe haina majibu kamili.

Kutokuwepo kwa majibu hayo kuna gharama, na gharama hiyo ni fedha halisi.

SHERIA YA MSHIKAMANO

Chini ya kanuni za Shirikisho la Soka Duniani (FIFA), mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla ya kandarasi yake kukamilika, asilimia tano ya ada ya uhamisho hugawiwa klabu zote zilizomlea tangu msimu alipotimu umri wa miaka 12 hadi 23. Kila msimu wa malezi kati ya umri wa miaka 12 na 15 huipa klabu asilimia 0.25 ya ada nzima. Kila msimu kati ya miaka 16 na 23 huipa asilimia 0.5. Malipo haya ya mshikamano hayatolewi mara moja tu, bali kila mara mchezaji anapouzwa tena kwa masharti hayo.

Mfano wa Victor Wanyama unatosha kuonyesha uzito wa kanuni hiyo. Kiungo huyo alipotoka Celtic ya Scotland kwenda Southampton mwaka 2013, iliripotiwa kwamba ada yake ilikuwa pauni milioni 12.5. Asilimia tano ya fedha hizo ni pauni 625,000. Klabu yoyote iliyomlea kwa msimu mmoja baada ya kutimu umri wa miaka 16 ilikuwa na haki ya pauni 62,500. Kwa klabu ya Kenya inayohangaika kutafuta nauli ya kwenda ugenini, hiyo si fedha ya kupuuzwa.

Michael Olunga naye aliichezea Gor Mahia msimu wa 2015, ambapo timu hiyo ilitwaa ubingwa bila kushindwa hata mechi moja. Mwaka uliofuata alijiunga na Djurgården ya Uswidi. Baadaye alipitia Uchina, Uhispania na Japani, ambako mwaka 2020 alifunga mabao 28 na kutawazwa mchezaji bora wa ligi, kabla ya kuelekea Qatar mwaka 2021. Msimu ule mmoja aliokuwa na K'Ogalo unaingia katika hesabu ya mshikamano, kwa kuwa alikuwa na umri wa miaka 21.

Hata hivyo, haki hiyo huthibitishwa kwa karatasi. Tangu Novemba 2022 FIFA imekuwa ikitumia kituo maalumu cha malipo kinachosoma pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji, yaani kumbukumbu ya klabu zote alizosajiliwa na tarehe zake. Iwapo shirikisho la nchi halikuandikisha kwamba kijana fulani alikuwa na klabu fulani akiwa na miaka 14, mfumo hauna njia ya kuitambua klabu hiyo. Isitoshe, kituo cha mafunzo kisichokuwa mwanachama wa shirikisho hakihesabiwi kuwa klabu.

Hapo ndipo penye kidonda cha ukanda wa ziwa. Vipaji vingi vya eneo hilo hukuzwa shuleni. Benson Omala, kwa mfano, alijulikana akiwa mwanafunzi wa shule ya Kisumu Day kabla ya kutua Gor Mahia mwaka 2020. Mwaka 2021 alielekea Linköping City ya Uswidi, akarejea, akawa mfungaji hodari wa Ligi Kuu, kisha mwaka 2024 akahamia Al-Safa ya Lebanon. Shule humpa kijana kama huyo uwanja, mwalimu na mashindano ya kitaifa. Lakini shule si klabu. Kijana asiposajiliwa na klabu katika miaka hiyo, malezi yake hubaki simulizi tu mbele ya sheria.

VIWANDA VYAYUMBA, TIMU ZAANGUKA

Ukosefu wa kumbukumbu haungeuma sana kama klabu zingekuwa na njia nyingine za kujikimu. Kwa miaka mingi viwanda vya sukari vilikuwa nguzo ya soka ya eneo hilo. SoNy Sugar ya Awendo ilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 2006. Chemelil Sugar ilikuwa jina la kuheshimika katika Ligi Kuu. Viwanda vilipoyumba, timu ziliyumba navyo. Mnamo Desemba 2019 SoNy Sugar ilitimuliwa ligini baada ya kukosa kufika uwanjani kwa mechi tatu, nayo Chemelil ikashushwa daraja msimu huohuo. Kisumu All Stars, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019, haikumaliza hata miaka miwili katika ngazi hiyo.

Mwaka huohuo wa 2019 ulileta pigo jingine. Kampuni ya kamari ya SportPesa, iliyokuwa ikifadhili ligi pamoja na Gor Mahia na AFC Leopards, ilijiondoa kufuatia mzozo wake na serikali kuhusu leseni na ushuru. Miaka miwili kabla ya hapo, runinga ya SuperSport ilikuwa imeacha kupeperusha mechi za ligi hiyo. Mechi isiyoonyeshwa haizai takwimu, na mchezaji asiye na takwimu huuzwa kwa bei ya uvumi.

Gor Mahia yenyewe, iliyoasisiwa mwaka 1968 na ambayo mashabiki wake wengi huiona kama mali ya ziwa ingawa makao yake ni Nairobi, haijasalimika. Ndiyo klabu pekee ya Kenya iliyowahi kutwaa kombe la bara Afrika, ilipoizima Esperance ya Tunisia mwaka 1987 kwa faida ya mabao ya ugenini. Mwaka 2024 ilijinyakulia taji la 21 la ligi. Pamoja na fahari hiyo yote, imewahi kuzuiwa na FIFA kusajili wachezaji wapya, ikiwemo mwaka 2022, kwa sababu ya madeni ya waliokuwa waajiriwa wake.

Matokeo yake ni kwamba klabu hulazimika kuuza upesi. Meddie Kagere aliisaidia Gor kuilaza Simba ya Tanzania 2-0 katika fainali ya mwaka 2018 mjini Nakuru. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa akivaa jezi ya Simba hiyohiyo. Francis Kahata alimfuata mwaka 2019, naye Joash Onyango mwaka 2020. Mashabiki walilia, lakini mchezaji anayedai mishahara hawezi kulaumiwa kwa kwenda kunakolipwa.

NINI KIFANYIKE?

Wapo wanaodai kwamba ligi ya kubuni ndiyo adui, kwamba imewafanya vijana wa Kisumu kuishi Uingereza kimawazo huku wakilala Nyalenda. Dai hilo lina chembe ya ukweli, lakini linamwonea shabiki. Kijana anayeweza kuchambua dakika, mabao na pasi za wachezaji mamia kila juma, bila malipo, ana ujuzi uleule ambao soka ya nyumbani inauhitaji. Kilichokosekana ni mtu wa kumpa daftari.

Hatua ya kwanza si ghali. Kila kijana anayecheza katika mashindano ya shule aandikishwe pia na klabu ya mtaa wake iliyo mwanachama wa shirikisho, tarehe ya kuzaliwa ikiwa imethibitishwa kwa cheti. Klabu na shule zinaweza kuandikiana mkataba wa jinsi zitakavyogawana chochote kitakachopatikana siku za usoni. Kanuni za FIFA zinaruhusu, katika hali fulani, fungu la klabu iliyomlea mchezaji kupewa shirikisho la nchi husika kwa ajili ya soka ya vijana. Kwa hivyo, uzembe wa Kisumu huweza kugeuka kuwa mapato ya Nairobi.

Hatua ya pili ni ya shirikisho lenyewe. Uongozi wa Hussein Mohammed, uliochaguliwa Desemba 2024, una McDonald Mariga kama naibu wa rais. Mariga alitoka katika viwanja vya vumbi vya Nairobi hadi kuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa kombe la klabu bingwa Ulaya mwaka 2010. Ni vigumu kumpata kiongozi anayefahamu zaidi thamani ya kumbukumbu za mchezaji anayevuka mipaka. Mashabiki wana haki ya kutarajia kwamba ufahamu huo utafika hadi matawi ya Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori.

Miundombinu haiwezi tena kuwa kisingizio kikuu. Kisumu ina uwanja wa Jomo Kenyatta huko Mamboleo, ulioandaa sherehe za Madaraka mwaka 2021, na Homa Bay ina uwanja wake. Mashindano ya CHAN ya Agosti 2025, ambapo Kenya ilifika robo-fainali, yalionyesha jinsi soko linavyochangamka wachezaji wanapoonekana. Ryan Ogam aliifungia Harambee Stars bao la pekee dhidi ya Morocco, na muda mfupi baadaye akatoka Tusker kwenda Wolfsberger ya Austria.

Wahenga walinena kwamba samaki mkunje angali mbichi, na hakuna wanaoielewa methali hiyo kuliko watu wa ziwa. Kinda wa miaka 12 anayepiga chenga leo kando ya Dunga huenda akauzwa kwa mamilioni akiwa na miaka 22. Siku hiyo shabiki atataja bei yake kwa majivuno. Iwapo klabu ya mtaani kwake itapata hata senti moja kutokana na bei hiyo itategemea kama kuna aliyeliandika jina lake mwaka huu.